Renault Roho Nairobi: nunua chesi na logibuku, injini itafuata

Watu wakisikia kuna Renault 4 inauzwa, swali la kwanza huwa ni injini. Inawaka? Imewahi kufunguliwa? Inavuta? Kwa gari hili, ambalo Wakenya wengi wanalijua kwa jina la Roho, hilo ni swali la tatu. La kwanza ni chesi, ile fremu inayobeba bodi, na la pili ni logibuku, hati ya umiliki wa gari. Injini iliyokwama kwa miaka mingi inaweza kurudi kazini kwa vipuri vinavyoenea kwenye kasha moja. Chesi iliyooza inakulazimu kulifungua gari zima. Na logibuku yenye jina la marehemu ambaye mirathi yake haijawahi kufunguliwa inaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya gereji.

Wapo wanaotamani magari madogo zaidi ya hili, kama Vespa 400 iliyoundwa Fourchambault, Ufaransa, kati ya 1957 na 1961, yenye injini ya nyuma ya cc 393 ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa, au Velam Isetta yenye mlango mmoja tu, tena wa mbele. Ni magari ya kupendeza mno, lakini njia ya kuyaleta Kenya imefungwa mara mbili. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinakataa gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na usukani wa kushoto haukubaliwi kwa gari la kawaida la abiria. Anayetaka gari dogo la Kifaransa la zamani hana budi kulitafuta humu humu nchini, miongoni mwa yale yaliyoingia yakiwa bado mapya. Hapo ndipo Roho inaposhinda: zimebaki chache, lakini zimebaki.

Tena ni gari lililofikiriwa kwa barabara kama zetu. Pierre Dreyfus, mkuu wa Renault wakati huo, alitaka gari moja la kazi zote, la mjini na la shambani, naye alilifananisha na suruali ya jinzi. Lilitoka mwaka 1961, na Ufaransa iliendelea kuliuza mpaka 1992, zaidi ya magari milioni 8 yakiwa yameshaundwa. Sakafu yake ni bapa, mlango wa nyuma unafunguka mpaka chini, na magurudumu yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Renault walijivunia kwamba halihitaji kupakwa grisi chini na kwamba maji yake ya kupoza yamefungwa ndani moja kwa moja. Ndugu Claude na Bernard Marreau walimaliza wa tatu upande wa magari katika mbio ndefu za jangwani za Paris–Dakar za 1980 wakiendesha Renault 4 iliyofanyiwa marekebisho ya kuvuta magurudumu yote manne. Anayedhani hili ni gari la kwenda kanisani tu aikumbuke hiyo.

Kulitambua unaloliona

Fungua boneti, ambayo hufungukia mbele, utafute kibati cha aina ya gari kwenye chumba cha injini. R1128 ni toleo la GTL, lenye injini ya cc 1108 iliyoanza kutumika 1978. Hiyo ndiyo ya kutafuta ikiwa unakusudia kupanda Thika Road au kwenda Naivasha na kurudi, kwa sababu inakimbia bila kulia sana na krenkshafti yake, yaani mtaimbo unaozungushwa na pistoni, ina beringi kuu tano. Zile za kabla yake nyingi ni cc 747, 782 au 845, zenye beringi kuu tatu. Ya 845 ni injini nzuri, tulivu na nyepesi kwa mafuta, ila haipendi kusukumwa kwa mwendo mkubwa kwa saa nyingi.

Kama kibati kimeng'oka, tazama mambo mawili. Gia tatu maana yake ni gari la kabla ya mwisho wa 1967. Zilizofuata zina nne. Grili ya chuma ni ya zamani kuliko grili ya plastiki, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970. GTL hujulikana kwa bampa na grili za kijivu, lakini bampa hubadilishwa, basi usizitegemee peke yake. Namba za Kenya nazo zinasema kitu: namba ya herufi tatu na tarakimu, isiyo na herufi ya mwisho, ni ya kabla ya mfululizo wa KAA. Roho yenye namba ya aina hiyo huenda haijawahi kubadilishiwa kumbukumbu tangu iliponunuliwa, na hilo ni zuri kwa historia yake ila gumu kwa karatasi.

Kulitafuta

Roho nyingi zilizobaki hazitangazwi popote. Zimeegeshwa chini ya mwembe, nyuma ya ghala la mahindi, au kwenye uwanja wa misheni. Anza na mafundi wazee, wale waliokuwa kazini kabla ya magari ya Kijapani kujaa mjini. Fundi wa aina hiyo pale Grogan au Ngara anakumbuka gari ya nani ilikwenda wapi. Onyesho la Africa Concours d'Elegance katika Ngong Racecourse nalo ni mahali pazuri, kwa sababu mwenye Roho moja inayong'aa kwa kawaida anajua zingine tatu zilizolala. Nenda na daftari, zungumza na watu, na usianze na bei.

Mahali gari lilipolala ni muhimu kuliko umri wake. Lililokaa Kitui, Machakos au Laikipia kwenye ukavu linaweza kuwa limechunwa rangi na jua na viti kuliwa na panya, huku chuma kikiwa kizima. Lililotoka Mombasa au Malindi lina chumvi ndani ya mikunjo ya chesi, na rangi yake inaweza kuwadanganya hata wenye uzoefu. Kati ya gari baya la Kitui na gari zuri la Mombasa, mimi nachukua la Kitui.

Ukilipata kwenye boma, kumbuka kwamba gari la baba si mali ya yule kijana anayelinadi Facebook. Mwone mama mwenyewe kama yupo, kaa, ongea naye. Watoto wote wakiwa wamekubali, biashara inakwenda. Mmoja akiwa hajui, atatokea siku unaleta gari la kubeba.

Kabla ya kutoa senti yoyote, fanya upekuzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kupitia eCitizen, ulinganishe jina, namba ya chesi na namba ya injini na zile zilizochongwa kwenye gari lenyewe. Namba ya injini mara nyingi hailingani, kwa kuwa injini zilibadilishwa gereji bila mtu kuandikisha. Hilo linarekebishika, lakini lijue mapema na liandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Namba ya chesi isipolingana, ondoka. Mwenye gari akiwa hai, uhamisho huanzia kwenye akaunti yake mwenyewe, nawe unaukubali kwenye yako, kwa hiyo hakikisha ana PIN ya KRA na simu anayoifikia. Wazee wengi walisajiliwa na wajukuu kwa namba za simu ambazo hazipo tena. Logibuku ikiwa imepotea, abstrakti ya polisi itahitajika. Mwenyewe akiwa ameaga dunia, anayekuuzia lazima awe na hati za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Barua ya chifu ni hatua ya kuelekea huko, wala haitoshi kuhamisha gari.

Chesi

Bodi ya Roho imefungwa kwa boliti juu ya chesi bapa ya mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa. Ni ubunifu mzuri kwa sababu bodi inaweza kuinuliwa yote. Ni ubunifu mbaya kwa sababu maji yakiingia kati ya tabaka mbili hayana pa kutokea, na kutu huanzia ndani kuja nje. Ukiiona kwa macho, imeshamaliza kazi.

Chukua bisibisi butu, sumaku na tochi, ulale chini. Rangi nyeusi ya lami iliyopakwa upya chini ya gari ni sababu ya kuchunguza zaidi, kwa maana hiyo ndiyo inayofunika mashimo. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Anzia nyuma, pale vyuma vya tosheni vya magurudumu ya nyuma, vinavyosokotwa badala ya springi, vinaposhikiliwa, maana uzito wote wa nyuma unaishia hapo. Sehemu hiyo ikilainika, gurudumu huanza kuegemea ndani na gari hukaa chini upande mmoja. Kisha nenda mbele, kwenye mihimili miwili inayobeba injini na mikono ya magurudumu, hasa inapokutana na sakafu. Mwombe mtu akanyage breki na kuzungusha usukani huku wewe unatazama. Mhimili ukipinda hata kidogo, au ufa wa rangi ukifunguka na kufunga, chesi hiyo imekwisha. Maliza kwa sakafu ya dereva, vizingiti vya chini ya milango, na sehemu ya chini ya kioo cha mbele ambapo majani huziba matundu ya kutolea maji.

Milango ni kipimo kingine kizuri. Mlango usiofunga vizuri huku bawaba zake zikiwa nzima unakwambia bodi imeshuka kwa kuwa chesi imepinda katikati.

Ukiamua kukarabati, usikubali kuchomelewa kwa fimbo ya arki. Bati la chesi ni jembamba. Arki hulitoboa, fundi huziba tundu kwa kipande kikubwa zaidi, na joto huvuta chesi ikapinda. Tafuta fundi mwenye mashine ya gesi ya CO2, na bati la unene wa milimita 1.2 mpaka 1.5. Kata uozo wote mpaka chuma kinachong'aa. Kipande kipya kikae mahali pa kilichotolewa, kisibandikwe juu yake. Tabaka tatu zikipandana zinatengeneza mfuko mpya wa maji. Kabla ya kukata chochote, funga mihimili kwa vyuma vya kuishikilia na upime pembe kwa pembe pande zote mbili, uandike vipimo ukutani. Ikishachomelewa, mimina nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kupitia matundu yaliyopo. Mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaikunja mihimili hiyo vizuri wakipewa kipande cha zamani cha kuiga, hata kama kimeoza nusu. Ulaya zinauzwa chesi mpya zilizopakwa zinki, nazo ni bora sana, lakini usafiri wa kitu chenye ukubwa wa kitanda utakufanya ufikirie mara mbili.

Mwambie mapema fundi wa alaimenti jambo hili: Roho haina urefu sawa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa pande mbili. Upande wa kulia ni milimita 2,449, wa kushoto 2,401. Tofauti hiyo ya milimita 48 ilikuwepo tangu kiwandani, kwa sababu vyuma vya tosheni vya nyuma vinapita upana wote wa gari kimoja nyuma ya kingine. Fundi asiyejua atapima kwa uzi, aone gari "limegongwa", kisha aanze kuvuta kitu kilichokuwa sawa. Na vyuma hivyo akivitoa, avipe alama ya kulia na kushoto, maana kila kimoja kimezoea kusokotwa upande wake na havibadilishani nafasi.

Kuliamsha

Usimruhusu yeyote kufunga betri na kupiga stata siku ya kwanza. Toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja cha mafuta mepesi ya injini kwenye kila silinda, uache lilale siku mbili. Kisha weka gia ya juu kabisa, inua gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mkono. Likigoma, ongeza mafuta na subira. Kulilazimisha kwa kulivuta na gari lingine ndiyo njia ya kuvunja ringi za pistoni.

Likizunguka, badilisha mafuta na chujio lake. Tanki la petroli lililo nyuma chini ya sakafu lishushwe na kuoshwa, kwa sababu petroli ya zamani huacha gundi na kutu ambavyo kabureta itavimeza siku hiyo hiyo. Mipira yote ya petroli ibadilishwe bila kuitazama mara mbili. Mipira iliyokauka juu ya injini ya moto ndiyo iliyochoma magari mengi ya zamani.

Pointi za distribyuta zisuguliwe na kuachwa nafasi ya milimita 0.4, plagi 0.6 mpaka 0.7. Kondensa ya chapa ya Ducellier au SEV isipopatikana Kirinyaga Road, kondensa yoyote nzuri ya maikrofaradi 0.2 mpaka 0.3 ya gari la pointi itafanya kazi ukiifunga nje ya distribyuta.

Breki usizijaribu barabarani kabla ya kuzifungua. Magari mengi yana drami pande zote nne. Diski za mbele zilikuja na GTL za miaka ya 1980. Silinda ndogo ndani ya drami hushika kutu, na vikamu vya kurekebishia nyuma ya sahani hugandamana mpaka fundi avivunje kwa spana. Vipulizie mafuta ya kupenya siku kadhaa kabla. Ukishaweka mipira mipya na mafuta mapya ya breki, kaza kikamu huku ukizungusha gurudumu kwenda mbele mpaka lishike, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke huru, halafu nenda kwa kiatu kinachofuata. Kumbuka pia kwamba kwenye zile za drami breki ya mkono inashika magurudumu ya mbele. Fundi akiitafuta nyuma, ataitafuta mchana kutwa.

Laina na maji

Hapa ndipo injini nyingi nzuri zilipofia, na hazikufia barabarani, zilifia gereji. Injini za Roho, za 845 na za 1108 sawia, zina laina za silinda zinazotoka, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zikiwa zimezungukwa na maji. Faida yake ni kubwa: ukinunua seti ya laina, pistoni na ringi, huhitaji kupeleka bloku kuchongwa. Hasara ni kwamba kila laina imekaa tu juu ya sili nyembamba kule chini, na kinachoikandamiza ni silinda hedi.

Fundi aliyezoea Toyota akiifungua hedi ataivuta juu moja kwa moja. Gasketi imegandia laina, kwa hiyo laina zinainuka nayo kiasi cha unywele, sili za chini zinaachana, na uchafu unaingia. Haoni kitu. Anafunga gasketi mpya, gari linawaka, na baada ya wiki mafuta yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Atasema hedi imepasuka. Hedi haina kosa, maji yanapita chini ya laina.

Njia sahihi ni hii. Injini iwe baridi kabisa na maji yametolewa. Legeza boliti za hedi kidogo kidogo, kinyume cha mpangilio wa kukaza, kisha igonge hedi kwa nyundo ya mbao kutoka ubavuni ili izunguke kidogo na gasketi ijibandue. Ndipo uiinue. Hapo hapo, kabla ya kufanya jingine lolote, zishike laina kwa boliti na washa pana zinazokanyaga kingo zake. Usizungushe krenkshafti laina zikiwa huru, kwa sababu pistoni itazipandisha. Laina zikishasogea hakuna njia ya mkato: zitolewe zote, vikao visafishwe, sili mpya ziwekwe, na kimo cha kila laina juu ya uso wa bloku kipimwe kwa fila geji na rula iliyonyooka kulingana na kitabu cha ukarabati. Hedi ni ya alumini, kwa hiyo ipelekwe Industrial Area ikaguliwe unyoofu kabla ya kurudi. Baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza tena boliti injini ikiwa baridi na urekebishe valvu upya.

Kwa nini hedi hizi hufunguliwa mara kwa mara? Maji ya bomba. Mfumo uliofungwa ulikusudiwa kuwa na kipoozi chenye dawa ya kuzuia kutu. Mtu anaona Nairobi haina barafu, anajaza maji ya mfereji, na alumini inaanza kulika kuzunguka njia za maji mpaka gasketi haina pa kushika. Weka kipoozi kisichopungua theluthi moja kwa maji yaliyosafishwa, na unapojaza fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye njia ya hita mpaka maji yatoke bila mapovu. Hewa iliyobaki juu ndiyo inayochemsha injini huku rejeta ikiwa imejaa.

Valvu ni kazi rahisi ukijua mpangilio. Injini baridi, za kuingiza milimita 0.15, za kutoa moshi 0.20. Silinda namba moja ni ile ya upande wa flaiwili, sahani nzito iliyo mwisho wa krenkshafti, na kwa kuwa gia boksi ya Roho iko mbele ya injini, namba moja iko karibu na rejeta. Zungusha mpaka valvu ya moshi ya silinda ya 1 iwe wazi kabisa, urekebishe ya kuingiza ya 3 na ya moshi ya 4. Ya moshi ya 3 ikiwa wazi, rekebisha ya kuingiza ya 4 na ya moshi ya 2. Ya moshi ya 4 wazi, ya kuingiza ya 2 na ya moshi ya 1. Ya moshi ya 2 wazi, ya kuingiza ya 1 na ya moshi ya 3. Umemaliza.

Kabureta na mwinuko wa Nairobi

Zenith 28 IF au Solex iliyomo ilipimwa kwa miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na msongo wa hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Petroli inakuwa nyingi kuliko hewa: plagi nyeusi, harufu ya petroli, uvivu kupanda kilima cha Limuru. Kabla ya kuilaumu kabureta, hakikisha choki inafunguka yote, chujio la hewa ni safi na kimo cha petroli ndani ya kabureta ni sahihi. Ndipo upunguze jeti kuu, kile kitundu kinachopima petroli, kwa namba moja, au mbili ikibidi, usizidishe. Jeti ya awali iweke kwenye gari lenyewe. Ukishuka Pwani na jeti ya Nairobi, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli kidogo kuliko hewa, na injini ya gari lililojaa abiria kwenye joto la Mtito Andei itachoma valvu. Kubadilisha jeti ni kazi ya dakika chache ukiwa na bisibisi inayoenea vizuri. Bisibisi isiyoenea huharibu mdomo wa jeti, na hiyo jeti haina thamani tena.

Vipuri

Gawa orodha yako mara mbili. Beringi, sili za mafuta, mikanda, mipira ya maji, nyaya za plagi, viatu vya breki vya kubandikwa upya, vyote vinapatikana mjini kwa kipimo, si kwa jina la gari. Ukifika dukani useme "sili ya Renault 4" utaambiwa hakuna. Sema kipenyo cha ndani, cha nje na unene, au soma namba iliyochongwa kwenye beringi, nawe utapewa. Bushi za kijiti cha gia, kile kinachotoka kwenye dashibodi na kupita juu ya injini, huchongwa kwa nailoni na fundi yeyote wa lezi. Bushi zikilika, gia hutafutwa kwa kubahatisha, na watu hufungua gia boksi isiyo na ugonjwa.

Vya kuagiza ni gasketi za hedi, sili za laina, seti za laina na pistoni, pampu ya maji, vifaa vya kabureta na silinda za breki. Agiza vidogo vyote kwa pamoja, maana ushuru, VAT ya asilimia 16 na gharama ya usafiri vinaumiza zaidi ukileta kimoja kimoja. Duka nyingi za Ufaransa zina bei nzuri, lakini kila kinachohusu usukani, dashibodi na mitambo ya waipa kiagizwe kwa magari ya usukani wa kulia, yaani Uingereza, Ayalandi au Australia. Kwa 1108, vipuri vingi vya ndani ya injini vya Renault 5 na 6 zenye injini hiyo hiyo vinaingia. Linganisha namba ya injini iliyo kwenye kibati cha bloku, si mwaka wa gari.

Matairi ni 135/80 R13, na mjini hayapatikani kirahisi. 145/80 R13 inakaa bila shida. 155 inaweza kusugua unapokata usukani mpaka mwisho, kwa hiyo jaribu gurudumu moja la mbele kwanza, gari likiwa na uzito. Rimu zina boliti tatu kwa duara la milimita 130, basi usikubali rimu ya gari lingine iliyotobolewa upya. Upepo ni kama 20 mbele na 24 nyuma kwa kipimo cha psi. Kijana wa petroli steshoni atakujazia 32 kama gari nyingine zote, na Roho iliyojazwa hivyo inaruka kwenye kila jiwe.

Kila kinachotolewa kwenye gari, hata kilichovunjika, kiweke kwenye kopo lenye jina na upande wake. Fundi wa lezi hawezi kuchonga kitu ambacho hajakiona, na kile kipande cha chuma kilichotupwa na utingo wa gereji ndicho kinachoweza kuwa kielelezo pekee cha bushi ya Roho kilichopo Nairobi wiki hiyo.